Umerudi kutoka nje, tasnifu inasubiri: mwongozo kwa mwanafunzi wa jiografia Nyanda za Juu Kusini

Mwanafunzi wa jiografia anayerudi Iringa au Mbeya baada ya mwaka wa kubadilishana masomo nje ya nchi mara nyingi huogopa kitu kisichostahili kuogopwa. Anadhani amesahau nadharia, au kwamba aliowaacha wamemtangulia mno. Hayo hurekebishwa kwa wiki chache za maktaba. Kinachouma ni kalenda. Vyuo vingi vya Ulaya hufunga mwaka kati ya Juni na Julai. Kwetu wakati huo ni kiangazi, mvua hutegemewa Novemba, na masomo hufunguliwa karibu na hapo hapo. Kwa hiyo muda wako wa kwenda uwandani ni Julai hadi Oktoba, na kabla ya kwenda uwandani kuna barua za vibali zinazokula wiki kadhaa. Anayesubiri afike nyumbani, asalimie ndugu, apumzike, ndipo aanze kutafuta mada, atafika kijijini mvua imeanza, barabara ya udongo imekatika, na kila mwenye jembe yuko shambani tangu alfajiri.

Ndiyo maana kazi inaanzia huko huko uliko.

Ungali nje

Kufikia Machi au Aprili, mwandikie mkuu wa idara ya chuo chako barua pepe fupi yenye maswali matatu: nani atakuwa msimamizi wangu, mwongozo wa tasnifu wa mwaka huu uko wapi, na je, kozi ya mbinu za utafiti niliyosoma huku itatambuliwa? Hilo la tatu ndilo lenye mtego. Kozi ya ugenini inaweza kuwa nzuri kuliko ya nyumbani na bado isihesabiwe, kwa sababu vipimo vyake havilingani au kwa sababu muhtasari wa kozi haukuambatanishwa. Omba muhtasari huo ukiwa bado huko, wenye jina la kozi, saa za masomo na orodha ya mada. Ukishaondoka, kuupata kutoka mbali ni kazi ya miezi. Na kama kozi haitatambuliwa, ni heri ujue Aprili kwamba utakaa darasani na mwaka wa pili, kuliko kugundua Novemba kwamba jina la tasnifu yako haliwezi kusajiliwa.

Kama unasoma kwa mkopo, mwandikie pia ofisa mikopo wa chuo. Jina lisiporudishwa kwenye orodha ya wanaoendelea, bumu, yaani fedha ya kujikimu, halitoki, na nauli ya uwandani hutoka humo.

Kisha hamisha mali zako. Akaunti ya chuo cha ugenini hufungwa baada ya muda, na kila kilichomo, barua pepe, hifadhi ya mtandaoni, ruhusa ya kusoma majarida, huondoka nayo. Pakua makala unazozihitaji na uziweke kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, ambayo ni ya bure na haitegemei chuo. Kama ulijifunza ramani kwa ArcGIS, jua kwamba leseni yake inaisha na kwamba faili la mradi wake halifunguki kwenye QGIS, programu ya ramani ya bure. Hifadhi kila tabaka peke yake: mistari na poligoni kama GeoPackage au shapefile, picha kama TIFF. Wiki mbili za mwisho zitumie kujifunza QGIS, maana ndiyo utakayokuwa nayo nyumbani.

Mada: acha kulinganisha nchi mbili

Karibu kila anayerudi huja na wazo la aina moja: kulinganisha. Mto Rhine na Ruaha Mdogo, usafiri wa mji aliosoma na daladala za Mwanjelwa, taka za kule na taka za mtaa wa Soweto, Mbeya. Wazo hilo lina mvuto, na kwa tasnifu ya shahada ya kwanza ni baya. Takwimu za pande mbili hazikukusanywa kwa kipimo kimoja. Huwezi kurudi kule kuziba pengo ukiligundua Februari. Na mtahini atakuuliza swali moja tu, kwa nini hizi mbili, na jibu la kweli ni kwamba ndiko ulikokuwa. Hilo halitoshi.

Kilicho cha thamani kutoka kule ni mbinu. Chukulia umesoma mahali ambapo wanafunzi hupelekwa kutembea kando ya mto na kupima upana wa ukanda wa majani usiolimwa. Mbinu hiyo inaweza kuletwa kama ilivyo hadi kwenye vinyungu vya Mufindi, Kilolo au Njombe. Vinyungu, yaani mashamba madogo, hulimwa mabondeni wakati wa kiangazi, unyevu ukiwa umebaki chini, yaani miezi ile ile uliyo nayo. Na kuna kipimo cha kisheria cha kulinganishia: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vingine vya maji. Hapo tayari una swali linalopimika: katika kilomita 3 za mto fulani, vinyungu vinaanzia umbali gani kutoka ukingoni, na wanaolima ndani ya mita 60 wanatofautianaje na wanaolima nje yake? Tutautumia mfano huo mpaka mwisho, kwa sababu unagusa karibu kila kosa linalowezekana.

Mada nyingine zinazobebeka: kupanuka kwa mashamba ya paini na milingoti ya watu binafsi kuzunguka msitu wa Sao Hill, ambayo huonekana vizuri kwenye picha za setilaiti, makazi yanayopanda kwenye miteremko ya Mbeya mjini, na bei ya viazi kutoka shambani hadi sokoni.

Zipo zinazoonekana rahisi na si rahisi. Kupima kuenea kwa parachichi Rungwe kwa setilaiti ni moja. Mkulima mdogo wa Tukuyu huchanganya migomba, kahawa na miparachichi kwenye kiunga kimoja, na kutoka juu yote ni kijani kimoja. Fanya kwa kuhesabu miti kwenye mashamba machache, au uiache. Nyingine ni kukauka kwa Ruaha Mkuu. Mto huo, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka katika sehemu zake ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi tangu 1993, na lawama zimekwenda kwa wafugaji, kwa mifereji ya mpunga ya Usangu, kwa hali ya hewa. Wafugaji wengi waliondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007. Ukienda Mbarali na dodoso linaloanza na "una ng'ombe wangapi" au "unachepusha maji kiasi gani", utajibiwa kama ofisa wa serikali, na majibu hayo hayatakuwa na maana. Ni mada kubwa mno kwa mtu mmoja. Ukiipenda sana, chukua mfereji mmoja na ratiba yake ya zamu za maji, basi.

Barua, muhuri, na watu wa kuwaona kwa zamu

Mwanafunzi wa chuo cha Tanzania haanzi COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Chuo chenyewe humpa barua ya utambulisho wa utafiti, na barua hiyo hushuka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya na Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji, na mwisho mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hana muhuri lakini ndiye anayejua nani analima wapi. Kila ngazi huandika barua yake kwenda chini. Panga wiki tatu. Beba nakala kumi na uache moja kila ofisi, na kila barua iwe na kumbukumbu namba.

Tatizo la kawaida hapa ni mipaka. Mafinga Mji na Halmashauri ya Wilaya ya Mufindi ni halmashauri mbili. Barua ya moja haikubaliki kwa nyingine. Makete iko Njombe, si Mbeya, hata kama utaifikia kwa kupitia Uyole na Isyonje. Ndani ya hifadhi ya Kitulo unahitaji kibali cha TANAPA (Hifadhi za Taifa) na cha TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), ambacho hakitoki kwa haraka, na ndani ya shamba la miti la serikali unaanzia TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Kwa tasnifu ya miezi michache, chagua eneo nje ya hifadhi na ujipunguzie kazi. Kama umesajiliwa chuo cha nje na unakuja Tanzania kwa utafiti tu, hapo ndipo COSTECH inapohusika, na uanze mapema zaidi.

Mwombe rafiki au ndugu aliyeko mjini achukue barua ya chuo kwa niaba yako Juni, ukiwa bado nje. Vyuo vingi hukubali ukituma pendekezo lililosainiwa na msimamizi.

Kupima kinyungu

Anza na orodha. Kosa linaloonekana kwenye tasnifu nyingi ni kuchukua idadi ya kaya zote za kijiji na kuiingiza kwenye fomula ya Yamane ya kupata ukubwa wa sampuli, wakati utafiti unahusu wenye vinyungu peke yao. Kaa na mwenyekiti wa kitongoji na watu wawili wanaolima bondeni, mwandike majina ya kila mwenye kinyungu kwenye ile sehemu ya mto. Tuseme mmepata 180. Fomula ni idadi yote, gawanya kwa 1 jumlisha idadi yote mara kosa linaloruhusiwa lililozidishwa kwa lenyewe. Kwa kosa la asilimia 10: 180 gawanya kwa 2.8, sawa na 64.3, hivyo unahitaji watu 65. Kwa kosa la asilimia 5 ungehitaji 125, na mtu mmoja hawezi kuwahoji wote vizuri kwa muda huo. Usione haya kutumia asilimia 10, ila liseme wazi kwenye sura ya mbinu.

Sasa, 180 gawanya kwa 65 ni 2.8. Wengi huandika "kila wa tatu" na kuendelea, halafu wanashangaa kupata 60. Wape majina namba 1 hadi 180, chota namba 65 kwa bahati nasibu kwenye Excel, na uchote nyingine 8 za akiba kwa ajili ya watakaokosekana. Akiba itumike kwa mpangilio wake. Usimchukue jirani kwa sababu tu yuko nyumbani. Walioko nyumbani mchana ni wazee na wagonjwa, na matokeo yako yatasema kwamba vinyungu hulimwa na wazee.

Dodoso la dakika 40 ukilifanya kwa uangalifu, pamoja na kutembea mlimani, ni matano kwa siku. Matano mara siku 13 ndiyo 65. Ongeza siku nne kwa ajili ya msiba, siku ya gulio na Jumapili. Msiba ukitokea kijijini, funga daftari na uende kuhani kama wengine. Anayepita na dodoso siku ya mazishi hatapewa ushirikiano hata wiki ijayo.

Upimaji wa mtoni ni kazi tofauti na ina siku zake. Tembea kilomita 3 kwa kuanzia alama inayojulikana, daraja au kivuko, na usimame kila baada ya mita 100. Utapata vituo 31, kwa maana kituo cha sifuri nacho kinahesabiwa. Kila kituo, pande zote mbili, pima kutoka ukingoni hadi tuta la kwanza lililolimwa. Amua kabla ya siku ya kwanza "ukingo" ni nini. Ukipima kutoka maji yanapoishia, kinyungu kilichokuwa mita 4 Julai kitakuwa mita 7 Oktoba bila mkulima kusogea, kwa sababu maji yamepungua. Pima kutoka ukingo wa juu, pale mto unapofika ukijaa. Hutambulika kwa mkato wa udongo na mabadiliko ya majani.

Tumia futi ya kamba ya mita 50 na msaidizi mmoja. Jipiesi ya simu hukosea mita 5 hadi 10 penye uwazi, na zaidi bondeni chini ya miti. Inafaa kuonyesha kituo kiko wapi. Haifai kupima kinyungu kilicho mita 3 kutoka mtoni, na ndivyo vilivyo vingi.

Kama unataka pia kujua maji yanayopita, hakuna haja ya mashine. Tafuta sehemu iliyonyooka ya mita 10, isiyo na mawe makubwa. Pima kina kila nusu mita kuvuka mto, upate wastani. Achia chungwa katikati, hesabu sekunde hadi lifike mwisho, rudia mara tano. Chungwa linapendekezwa kwa sababu huzama karibu lote na upepo haulisukumi; kipande cha kijiti hukimbizwa. Mto wenye upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 0.3 una eneo la mita za mraba 1.2. Chungwa likitumia sekunde 25, kasi ya juu ni mita 0.4 kwa sekunde. Izidishe kwa 0.85 kwa sababu maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Unapata 0.34, na mara 1.2 ni takriban lita 408 kwa sekunde. Asiyezidisha kwa 0.85 huongeza maji yasiyokuwepo. Mito midogo ya nyanda za juu haina shida, ila ukishuka Usangu uliza kwanza habari za viboko na mamba.

Dodoso, na vipimo vya watu

Tasnifu utaiandika kwa Kiingereza, lakini dodoso liandike kwa Kiswahili tangu mwanzo. Ukilitunga kwa Kiingereza kisha ukalifasiri usiku wa kuamkia uwandani, utamuuliza mama wa Kilolo "unaonaje uendelevu wa matumizi ya rasilimali", naye atakujibu "vizuri tu". Muulize: mwaka huu kinyungu chako kilikauka mwezi gani? Miaka iliyopita kilikuwa kinakauka lini?

Lijaribu kwa watu wanane kwenye kijiji ambacho hakimo kwenye sampuli. Swali ambalo watu watatu wamekuomba ulirudie, livunje. Kwa wazee wa Rungwe wanaostarehe zaidi na Kinyakyusa, au bibi wa Kihehe, tafuta mtu wa kufasiri kutoka kijiji kingine. Mkalimani wa kijiji hicho hicho hujibu kwa niaba ya aliyeulizwa. Salamu jifunze mwenyewe. "Kamwene" kwa Wahehe na Wabena, "ugonile" kwa Wanyakyusa, kisha shikamoo kwa aliyekuzidi umri, hukupa kiti kabla ya barua yenye muhuri.

Vipimo ndivyo vinavyoharibu majedwali. Wakulima wengi hupima eka kwa 70 kwa 70. Kama ni mita, hizo ni mita za mraba 4,900, wakati eka halisi ni 4,047. Kosa ni asilimia 21, na linapanda moja kwa moja hadi kwenye mavuno kwa eka. Uliza alipimaje: kwa mita, kwa hatua, au aliambiwa na aliyemuuzia. Kwa vinyungu, ambavyo ni vidogo na vimepinda, pima mwenyewe kwa futi. Gunia nalo halina uzito mmoja. La viazi la lumbesa huzidi kilo 100 kwa mbali, na debe la mahindi si sawa na debe la maharage. Andika kipimo kama kilivyotajwa kwenye safu moja, uzito uliokokotoa kwenye safu nyingine, na mizani ya kuning'iniza iwe ndani ya begi. Mpunga usiuandike mchele. Vinapishana uzito kwa karibu theluthi.

KoBoToolbox, programu ya kujazia dodoso, inafanya kazi kwenye simu bila intaneti na ni ya bure kwa mwanafunzi. Hata hivyo beba nakala za karatasi kumi na pawabenki. Chaji huisha haraka kwenye baridi ya Julai ya Makete, na simu iliyozima huondoka na siku nzima ya kazi ambayo haikutumwa.

Kuna jambo la kutahadhari. Unamuuliza mtu kuhusu kulima ndani ya mita 60, yaani jambo linaloweza kumponza. Jina na koodineti za shamba visikae faili moja. Mpe namba, na funguo ya majina iwe kwenye daftari unaloacha nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu hata wewe. Na utambulisho wako uwe mfupi na wa kweli: "Ni mwanafunzi wa chuo, nafanya utafiti wa masomo yangu. Sijatumwa na halmashauri wala mradi wowote, na sina msaada wa kugawa." Habari za mwaka wako Ulaya ziache mjini. Zikijulikana, kijiji kitakuhesabu kama mfadhili, na majibu yatapikwa kulingana na kinachodhaniwa umekileta.

Takwimu za ofisini na picha za juu

Takwimu za sensa zina mtego mmoja ambao umewaangusha wengi Mbeya. Sensa ya 2012 iliuonyesha Mkoa wa Mbeya kuwa na watu 2,707,410, na ya 2022 watu 2,343,754. Hakuna aliyehama. Mkoa wa Songwe uliundwa 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Kabla ya kulinganisha miaka, jumlisha wilaya zilizohama, au shuka hadi ngazi ya kata, ukijua kwamba kata nazo hugawanywa. Njombe ilikuwa imeshatengwa na Iringa kabla ya sensa ya 2012, kwa hiyo tatizo lake linajitokeza ukirudi 2002.

Mvua: omba takwimu za kituo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa barua ya chuo, mapema. Mambo mawili ya kuangalia. Siku isiyoandikwa si siku isiyo na mvua. Ukiigeuza sifuri unatengeneza ukame wa kubuni. Mwezi wenye siku nyingi tupu uache nje na useme umeuacha. La pili, nyanda hizi zina msimu mmoja wa mvua unaovuka mwaka mpya. Ukijumlisha Januari hadi Desemba, unakata msimu katikati na kuunganisha mkia wa msimu mmoja na kichwa cha mwingine. Jumlisha kuanzia 1 Novemba hadi 31 Oktoba. Mistari mingi ya "mvua inapungua" hubadilika sura baada ya marekebisho hayo tu. Kwa mtiririko wa mito, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko Iringa, na ya Ziwa Nyasa iko Tukuyu.

Ramani za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa koodineti wa Arc 1960, simu yako inatumia wa WGS84. Ukivichanganya bila kubadilisha, vituo vyako vitasogea zaidi ya mita 300, na mto utaonekana unapita juu ya kilima. Sehemu kubwa ya Mbeya, Njombe na Iringa iko ukanda wa 36 Kusini wa mfumo wa ramani wa UTM, msimbo 32736 kwenye QGIS. Lakini mpaka wa ukanda ni longitudo 36 mashariki, na sehemu za mashariki za Kilolo zinaangukia ukanda wa 37. Kijiji kilichokaa mpakani, chagua ukanda mmoja na ubaki nao.

Picha za setilaiti zitafute za miezi inayofanana, Juni hadi Septemba, kwa miaka yote. Picha ya Machi na ya Agosti zitakuonyesha msitu uliopotea ambao ni majani yaliyokauka tu. Rungwe wakati wa mvua utapata mawingu matupu. Setilaiti ya Landsat ina chembe (pikseli) za mita 30, Sentinel-2 mita 10 lakini tangu 2015 tu. Landsat 7 ina milia myeusi tangu 31 Mei 2003, Landsat 5 ilinyamaza mwishoni mwa 2011 na Landsat 8 ikaanza 2013. Anayetaka picha safi ya mwaka wa sensa wa 2012 haipati, achukue 2011 au 2013 na aeleze. Na kinyungu cha mita 10 kwa 15 hakionekani kwenye Landsat. Ni kidogo kuliko chembe moja.

Kuandika

Ingiza data wiki ile ile uliyokusanya, ukikumbuka bado kwa nini namba 37 hana umri. Uchambuzi usiwe mkubwa kuliko data: kwa watu 65, jedwali la wanaolima ndani na nje ya mita 60 dhidi ya jinsia au ukubwa wa shamba la mlimani linatosha, pamoja na jaribio la kai-skwea. Ikiwa zaidi ya moja ya tano ya visanduku vina idadi tarajiwa iliyo chini ya 5, unganisha makundi kwanza, la sivyo jibu halina nguvu.

Kazi ulizowasilisha nje usizinakili. Aya uliyoiandika mwenyewe na kuiwasilisha kwa alama kwenye chuo kingine huhesabiwa kuwa wizi wa kitaaluma ukiirudisha kimya kimya, na programu za kukagua hufananisha hata kazi za vyuo vingine. Ukihitaji wazo lake, litaje na uliandike upya.

Msimamizi wa hapa hafanyi kazi kama wa kule. Kule huenda uliitana majina na kuandikiana barua pepe saa yoyote. Huku peleka karatasi iliyochapwa, omba miadi, na mwisho wa kikao andika maagizo yake kwenye daftari na umsomee kabla hujatoka. Sura moja moja, kuanzia ya mbinu, ambayo unaweza kuiandika ungali na matope kwenye viatu. Mapitio ya machapisho yasijae makala za mabonde ya Ulaya ulizosoma kwa mwaka mzima. Tatu au nne za mbinu zinatosha, zilizobaki ziwe za Usangu, Iringa, Njombe na mabonde mengine ya Afrika.

Ukimaliza, ofisi za mkoa na halmashauri zitataka nakala, kama barua zao zilivyosema. Kijiji kipelekee kurasa mbili za Kiswahili, zilizochapwa kwa herufi kubwa, nakala moja ya ofisi na moja ya ubao wa matangazo. Weka humo wastani, miezi ya kukauka na walichosema wakulima kwa ujumla. Ramani yenye nukta za mashamba isiwemo.